Nyuki Wetu na Kanzu za Jirani

Sifa na shukrani ni zako, Mungu uliye hai, uliyempa mdudu mdogo njia yake angani ukamfundisha kurudi kwao bila kuongozwa na mtu. Umetutunza mimi na mke wangu hadi mvi zikatufunika. Umetupa majirani, na hata walipotukasirikia hukutunyima ulimi wa kuzungumza nao. Kwa hayo nakushukuru kabla sijaandika neno jingine.

Tunaishi Uthiru, upande wa chini wa barabara kuu, kwenye kipande cha ardhi nilichoachiwa na baba yangu. Si kikubwa. Kinateremka kutoka nyumba yetu hadi bondeni kwenye kijito. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa. Shule ilinistaafisha, kanisa bado. Mke wangu alikuwa mpishi katika zahanati hadi magoti yalipomkataza kusimama siku nzima. Mwaka ule wa kwanza wa kukaa nyumbani nilimwona akififia. Hakuwa na ugonjwa wa kutajwa. Aliamka, akapika chai, akarudi kitandani. Nilimwombea kila asubuhi, na sikujua hasa niombe nini.

Jibu lilikuja kwa njia ya kikundi cha akina mama. Afisa wa ugani aliwafundisha ufugaji wa nyuki, na mke wangu akarudi nyumbani na mzinga mtupu, sanduku refu la mbao, akaagiza nisimike nguzo mbili. Tukaning'iniza sanduku kwa waya na kupaka waya grisi ili siafu wasipite. Ndani alipaka nta. Kisha akangoja. Mtu hanunui nyuki dukani. Huwaandalia nyumba na kungoja wapite. Kila siku baada ya chai alikwenda kutazama badala ya kurudi kitandani, na alasiri moja walikuja, kundi zito lenye sauti kama mashine ya posho iliyo mbali. Alisimama kwenye majani akalia. Tangu siku hiyo sikumwona tena amelala jua likiwa juu.

Mzinga mmoja ulizaa mingine. Mwenzangu mmoja wa rika alinitania sana, maana kwetu zamani mizinga ilikuwa kazi ya wanaume. Aliniuliza kama sasa mimi ndiye nitakayechota maji. Nikamwambia nimeshaanza, kwa sababu nyuki nao hunywa.

Afisa alikuwa ametupa masharti ya kufuga nyuki mahali penye watu. Mizinga ikae mbali na njia. Maji yawe karibu nayo, ili nyuki wasiende kuyatafuta kwenye mifereji ya watu. Mizinga isifunguliwe mchana, ila jioni watu wakiwa wameingia ndani. Na sharti alilolikazia zaidi: mbele ya mizinga pawe na ua mrefu kupita mtu, ili nyuki akitoka akutane nao, apande juu, apite juu ya vichwa vya watu bila kugongana nao. Tulitii yote. Ua wetu ni wa miiba, kaiyaba tunavyouita, na niliukuza hadi ukapita mkono wangu nilioinua. Ng'ambo ya ua palikuwa na shamba la mahindi la jirani, na miaka ikapita kwa amani.

Kisha shamba la mahindi likauzwa. Badala yake likasimama jengo la ghorofa, na kabla rangi haijakauka vizuri nyumba zote zilikuwa zimepata wapangaji. Tuliwasalimia waliokuwa wakipita njiani. Hatukuwajua zaidi ya hapo.

Mvua fupi za mwaka ule zilipokuwa zikielekea kwisha, alikuja kijana anayesimamia jengo lile, ambaye kila mtu humwita keateka. Alisimama langoni, hakutaka kuingia.

"Guka, nimetumwa," akasema, akiniita babu kwa lugha yetu. "Mimi sina shida na nyinyi. Lakini mwenye jengo anasema kuna mpangaji wa ghorofa ya pili analalamika kila wiki juu ya hao nyuki, na anataka kuhama. Mwenye jengo anasema mtoe wadudu, ama apeleke maneno kwa serikali waje watolewe."

Nilimuuliza mpangaji mwenyewe ni nani, akasema yeye ametumwa ujumbe tu. Mke wangu alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Jioni, tulipomaliza kuomba, alisogeza kiti karibu nami.

"Mzee," akaniambia, "wakiondoka hawa, sitaanza tena. Sina nguvu za kungoja mara ya pili."

Nilimwelewa. Hakuwa akizungumzia asali.

Asubuhi yake nilivaa koti la kanisani nikashuka mjini. Nilitaka kujua sheria inasema nini hasa, maana mtu aliyefundisha watoto miaka mingi hapendi kubishana juu ya kitu asichokisoma. Ofisi niliyoelekezwa ilikuwa juu katika jengo lenye ngazi nyingi, na aliyenipokea alikuwa binti mwenye heshima. Swali lake la kwanza lilikuwa kama ploti yetu iko Nairobi au Kiambu.

Nilimwambia ukweli, kwamba mpaka unapita papo hapo kwetu, na watu hututania kuwa sebule yetu iko Nairobi na choo kiko Kiambu.

"Na nyuki?" akauliza.

"Wanalala Nairobi," nikamjibu. "Kula, wanakula popote."

Alicheka hadi mwenzake wa meza ya pili akageuka. Kisha akanieleza kwa utaratibu. Hakujua amri yoyote inayomkataza mtu kufuga nyuki nyumbani kwake. Walihesabiwa kama mifugo mingine, na mfugaji alitakiwa kuwaweka mahali pafaapo wasiwasumbue wengine. Masharti aliyonitajia yalikuwa yale yale ya afisa wa ugani. Lakini lalamiko likifika ofisini, ni lazima waje kutazama, na wakiona jirani anaumia wangeweza kuagiza mizinga iondolewe. Nikamuuliza ni sharti gani ambalo hatujalitimiza, ua, maji, saa za kufungua, vyote tunavyo. Alinitazama kwa upole.

"Mzee wangu, hata ukitimiza yote, jirani akiwa bado ana shida, shida iko," akasema. "Umeshaongea na yeye mwenyewe?"

Sikuwa nimeongea naye. Nilikuwa nimesafiri hadi katikati ya jiji kabla ya kuvuka ua wangu.

Ijumaa jioni tulikwenda, mimi na mke wangu. Yeye alikuwa hajapanda ngazi kwa miaka, akawa anasimama kila kona akishika ukuta. Kwetu mtu haendi nyumbani kwa mwenzake mikono mitupu, kwa hiyo alibeba chupa ya asali. Mimi nilibeba maneno ya kuomba radhi kwa ajili ya waliodungwa, nimeyapanga kichwani kama mahubiri.

Aliyetufungulia alikuwa mama wa umri wa binti yetu mkubwa, mtu wa kutoka magharibi mwa Kenya, fundi wa kushona nguo. Alitukaribisha vizuri, akampa mke wangu kiti chenye mto. Nilianza hotuba yangu. Nilisema tunasikitika kwa maumivu waliyoyapata, na kama kuna mtoto aliyevimba tupo tayari kumpeleka hospitali. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, hakuna aliyeumwa hapa," akasema.

Mke wangu akamsogezea chupa ya asali. Yule mama akairudisha taratibu kwa mikono miwili, akimwita nyanya kwa lugha yetu.

"Usikasirike, shosho. Hiyo sitachukua. Nitakulaje asali ya hao wananichafulia nguo za Mungu?"

Akaingia chumbani akatoka na kanzu nyeupe, ndefu, iliyopigwa pasi. Ni watu wa kanisa linalovaa kanzu nyeupe, na yeye alikuwa amekabidhiwa kufua kanzu za wazee wao. Alitandaza ile kanzu mapajani. Begani na mgongoni palikuwa na madoa madogo ya manjano, kana kwamba mtu amenyunyiza bizari. Alitueleza kwamba mwanzoni alidhani ni watoto wa ghorofa ya juu wanaotupa kitu. Aliwagombeza bure. Alifua tena, akaanika tena, madoa yakarudi. Mzee mmoja wa kanisani kwao alimuuliza mbele ya watu kama amechoka na kazi ya Bwana, na sasa walikuwa wanafikiria kumpa mwingine kazi hiyo. Ndipo siku moja alipokaa kando ya kamba ya nguo akitazama, akawaona nyuki wakipita. Hakupaza sauti alipokuwa akisimulia. Ningeona afadhali angepaza.

Mke wangu aligusa doa kwa kidole, akalitazama kwa muda.

"Ni choo cha nyuki," akasema.

"Choo?"

"Nyuki hachafui nyumba yake, mama. Mvua ikinyesha anajizuia ndani. Jua likitoka, kitu cha kwanza anatoka nje kujisaidia."

"Kwa hivyo yake anaiweka safi, yangu ndiyo choo."

Mke wangu akacheka. Haikuwa saa ya kucheka, akajiziba mdomo haraka, lakini yule mama alikuwa ameshaanza naye, kicheko cha mtu aliyebeba kitu peke yake muda mrefu.

Alitupeleka kwenye roshani anapoanika nguo. Sikuwahi kuuona uwanja wetu kutoka juu. Mizinga ilining'inia pale chini ikitazama ua, na kila nyuki aliyetoka alifanya kama tulivyoahidiwa: aliufikia ua, akapanda, akaupita. Ila sasa hapakuwa na mahindi ng'ambo. Mwendo ule wa kupanda uliwaleta moja kwa moja tulipokuwa tumesimama, usawa wa kamba yake ya nguo. Ua niliokuwa nimeukata na kuukuza kwa utii ndio uliokuwa ukiwanyanyua hadi kwenye kanzu za wazee wa kanisa lake. Wangekuwa hawana ua, wangepita chini, wakigonga ukuta.

"Bwana asifiwe," nikasema.

Mke wangu alimwomba mama yule aje kufulia kwetu, nyuma ya nyumba, upande ambao nyuki hawapiti. Sikudhani angekubali. Kesho yake asubuhi alikuja na beseni kichwani na kanzu zimefungwa kwenye shuka, na mume wake nyuma yake amebeba sabuni. Nilichota maji. Wanawake wawili wakafua, mmoja ameketi kwenye kigoda kwa sababu ya magoti, wakiimba nyimbo ambazo kila mmoja alizijua kwa lugha yake. Mimi niliyezoea ibada yenye mpangilio uliopigwa chapa nilisikia siku hiyo kanisa lao likiimba uani kwetu, na sikuona kosa ndani yake.

Mume wa yule mama ni mtunza bustani katika nyumba moja ya Lavington. Alizunguka mizinga kwa mbali, kisha akaniuliza kwa nini tusiigeuze tu itazame bondeni, au tuishushe hadi kijitoni. Mke wangu alimjibu huku akikamua kanzu. Nyuki ameshika mahali pake kichwani. Ukihamisha mzinga hatua chache, asubuhi anatoka kutafuta maua, akirudi anarudi pale pa zamani, anakuta hewa tupu. Watajaa hapo kwa maelfu, wamekasirika, na siku hiyo ndipo watu watakapodungwa kweli. Njia ni moja: wapelekwe mbali kabisa, mahali wasipopajua, wakae majuma kadhaa hadi wasahau kwetu. Ndipo warudishwe mahali papya.

"Mbali kama wapi?" akauliza.

"Kama huko unakofanya kazi," mke wangu akasema, akidhani anatania.

Yule bwana hakucheka. Alisema mwajiri wake, mama mzee anayeishi peke yake, amekuwa akilalamika kwamba miti yake ya avokado inatoa maua bila matunda, kwa kukosa nyuki.

Kabla ya kuwapeleka nyuki huko tulipaswa kukutana na mwenye jengo. Tulikutana kwa mzee wa mtaa, kwenye viti vya plastiki. Hakuwa mtu mbaya. Alisema hana chuki na nyuki wala na wazee, ila hataki kupoteza wapangaji. Nilimweleza mpango wetu, akatikisa kichwa kwa mashaka.

"Sawa. Wapelekeni, muwarudishe," akasema. "Lakini mvua kubwa ikianza, nikisikia lalamiko moja tu, waende moja kwa moja."

Yule mama jirani alikuwa ameketi nyuma. Akasimama.

"Aliyelalamika ni mimi," akasema. "Basi mimi ndiye nitakayesema kama yameisha. Si keateka, si mtu mwingine."

Mwenye jengo akakubali. Mke wangu alinishika mkono chini ya kanga. Sasa kila kitu kilitegemea mvua.

Huko Lavington kulikuwa na masharti yao. Kamati ya wakazi ilikataza ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa wasiofungwa. Nyuki hawakutajwa. Yule bwana alisema basi tuwaingize kimya kimya. Nilimwambia mimi siwezi kujificha ndani ya neno lisiloandikwa, na mwajiri wake akakubaliana nami. Akaiuliza kamati waziwazi. Walibishana siku chache, kisha wakaruhusu kwa muda, nyuma kabisa ya bustani, maji yawepo. Nilimshukuru Mungu kwa watu wanaojadiliana kabla ya kukataa.

Tuliwasafirisha alfajiri, midomo ya mizinga imezibwa kwa wavu, magunia yaliyoloweshwa juu yake. Dereva wa pikapu alifunga vioo vyote akaniambia niombe kwa sauti. Niliomba hadi tukafika.

Majuma yale yalikuwa marefu. Nguzo zilisimama tupu. Mke wangu aliamka, akapika chai, na asubuhi moja nikamkuta amerudi kitandani. Niliketi kando yake. Sikumhubiria. Nilimwambia tu kwamba mahali papya kule bondeni hapajafyekwa, na mimi sijui anataka mizinga itazame wapi. Aliketi kitandani. Kisha akasema mimi nitaipanga vibaya, akatafuta viatu vyake. Siku nzima aliketi kwenye kigoda akiniamuru: sogeza nguzo, inua, geuza. Yule mama jirani alishuka akasaidia kushika kamba ya kupimia. Tuliiweka safu mpya ikilipa jengo mgongo, ikitazama kijito na miti ya ng'ambo.

Tuliwarudisha mvua zikiwa karibu. Asubuhi ya kwanza walitoka wakazunguka mbele ya mizinga yao duara kubwa na duara kubwa zaidi, wakitazama nyuma kana kwamba wanasoma mahali. Wachache walipanda hadi kwenye nguzo za zamani. Wengi hawakupanda.

Kisha mvua kubwa ikaja. Ilinyesha siku kadhaa mfululizo bila jua, na kila mmoja wetu alijua maana yake: nyuki walikuwa ndani wakijizuia. Jumamosi mawingu yakapasuka. Mama jirani alianika kanzu kwenye roshani yake mwenyewe, makusudi, zote. Keateka akapanda akasimama naye. Sisi tulisimama chini kwenye matope, mke wangu ameegemea bega langu.

Jua lilipoipiga mizinga walimiminika. Nilifumba macho, nakiri. Nilisikia mngurumo wao, kisha nikausikia ukienda, ukishuka, ukivuka kijito. Nilipofumbua walikuwa wametawanyika juu ya miti ya ng'ambo, wakimeta.

Tulingoja. Saa zikapita, mama jirani akizigeuza kanzu zake moja baada ya nyingine, akizikagua mabegani, mgongoni, kwenye mikono. Mwishowe akainama juu ya ukuta wa roshani.

"Shosho," akaita, "yameisha."

Keateka alikuwa ameshatoa simu kumpigia mwenye jengo. Nilitaka tuinamishe vichwa pale pale kwenye matope tutoe shukrani, lakini mke wangu alikuwa ameanza kushuka kuelekea bondeni, polepole, akishikilia matawi ya vichaka.

"Mzee, utaomba ukitembea," akasema bila kugeuka. "Niletee ovaroli na wavu wa uso. Jioni nawafungua, nione wamejenga nini."

Nikaomba nikitembea.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe jirani anayesema shida yake waziwazi, na akupe miguu ya kupanda ngazi hadi mlangoni kwake. Nyumba yako iwe na amani pande zake zote, kazi ya mikono yako ipate mahali pa kukaa, na unayempenda aamke kila asubuhi akiwa na sababu ya kutafuta viatu vyake. Amina.